Mbegu ya Lwakhakha kwenye Baridi ya Endebess

Kuna harufu moja ambayo siwezi kuivumilia, na haitoki chooni wala kwenye mzoga. Ni harufu ya hindi la mbegu lililoning'inizwa juu ya moto wa kuni msimu mzima mpaka maganda yake yakawa meusi kwa masizi. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Kitale nikitafuta nyanya, nikapita mbele ya mama mmoja aliyetandika gunia chini na kupanga mahindi ya namna hiyo, yamefungwa mawili mawili. Akaokota moja, akanisogezea usoni.

"Chukua hii, kastoma. Hii ni ya kienyeji, haidanganyi."

Nilirudi nyuma kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Yule mama akacheka, akamwambia mwenzake, "Hawa watoto wa siku hizi bana, ati wanaogopa moshi!"

Moshi siuogopi. Ni lile neno, haidanganyi. Mama yangu alilitamka nilipokuwa na miaka tisa, ameshika hindi kama lile, na sote tukamwamini.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Endebess, upande ule unaopanda kuelekea Mlima Elgon. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa mzee Kariuki, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri akiwa bado anabebwa mgongoni. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, ukutani na juu, na sijui kama kuna kitu kinachoijua baridi kuliko bati. Asubuhi za mwezi wa saba mafuta ya kupikia yaliganda ndani ya mkebe, na sisi tulitoa moshi mdomoni kama wavuta sigara. Baba alikuwa akisema kwamba yeye hana haja ya glavu, kwa sababu Mungu aliumba kiwele cha ng'ombe.

Shamba hatukuwa nalo. Mwaka huo mzee Kariuki akampa Baba kipande kilichokuwa nyuma ya zizi, kama nusu ekari, akitumie msimu wa mvua kubwa, kwa sharti moja. "Mimi sitaki kelele, Baba Naliaka. Shule ikifunga mwezi wa nane, shamba yangu inarudi. Nataka kupanda maharagwe ya mvua ya pili."

Sasa, mtu yeyote wa Endebess angewaambia kwamba huko mahindi hupandwa mwezi wa tatu au wa nne na kuvunwa wa kumi au wa kumi na moja. Ilikuwa kama kuazimwa sufuria na kuambiwa uirudishe kabla maji hayajachemka. Baba alikuwa tayari kukataa. Mama ndiye aliyemzuia.

"Yangu ni miezi minne," alisema. "Kwetu Lwakhakha, kule chini mpakani, tunapanda na mvua ya kwanza, na mwezi wa saba ukiisha tuko kwa kisiagi, tunasaga unga. Mbegu ya mama yangu haidanganyi."

Niwaambie kilichokuwa kinampa Mama moyo wa namna hiyo. Dada yake Baba, ambaye sisi Wabukusu humwita Senge, alikuwa akiishi Tuwan, pale Kitale, akiuza nguo za mitumba, na kila Jumamosi alipanda kuja kutuona. Alikuja na sukari, na alikuja na maneno. Mbele ya Mama alimwambia Baba kwamba tangu aoe mwanamke wa mpakani hakuna kitu kilichoongezeka nyumbani ila midomo. Mama alitaka msimu mmoja tu wa mahindi yake mwenyewe, magunia yamesimama ndani ya nyumba, ili Senge akija ayapige teke kwa bahati mbaya na kuumia kidole. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na alipoyasema alicheka mpaka akashika tumbo.

Tumbo lenyewe lilikuwa na mtoto. Kwetu mtoto hupewa jina la msimu anaozaliwa: Nafula ni wa mvua, Nekesa ni wa mavuno, Nanjala ni wa njaa. Mimi ni Naliaka kwa sababu nilizaliwa wakati wa palizi. Mama alikuwa amepiga hesabu kwa vidole akaona kwamba huyu angekuja mwezi wa nane, mahindi yakiwa yameingia nyumbani. Alianza kuliita tumbo lake Nekesa kabla mbegu haijaingia ardhini.

Mwezi wa tatu ukielekea ukingoni, Kukhu, yaani mama yake Mama, akafariki kule Lwakhakha. Tulienda mimi na Mama peke yetu. Baba hangeweza kuwaacha ng'ombe, na Senge alisema ana homa. Kwetu, baada ya mazishi waliofiwa hungoja siku ya tatu ili wanyolewe nywele, na kabla ya hapo hawagusi jembe wala mbegu. Lakini alasiri ile ile ya mazishi mawingu yalianza kurundikana upande wa mlima, meusi, mazito. Watu wakiimba uani, nilimwona Mama amesimama nyuma ya jikoni, macho kwenye yale mawingu, midomo ikihesabu. Kesho yake asubuhi tuliondoka kabla chai haijaiva. Ndani ya leso yake kulikuwa na mafungu ya mahindi aliyoyashusha kutoka juu ya meko ya marehemu.

Njiani alijifunga kitambaa kichwani, akakikaza, akaniambia, "Senge asijue kwamba hatukunyolewa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Kukhu mwenyewe atajua?"

Hapo alinishika mkono, akaongeza mwendo. Nililamba kidole nikakielekeza juu mbinguni, vile watoto huapa, na nilimaanisha.

Tulipanda siku iliyofuata, mimi nikidondosha mbegu mbili mbili, Mama akifukia kwa unyayo. Kwao, alisema, siku ya tano mahindi hutoa kichwa. Siku ya tano nikaenda kuangalia, hakuna kitu. Siku ya nane nilimkuta Mama amepiga magoti anafukua udongo kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Yalichomoza siku ya kumi na moja, manjano kidogo, yamejikunja. Aliyaangalia akasema ni uchovu wa safari.

Kutoka hapo tulianza kuishi kwa kuangalia. Mwezi wa sita, majirani waliokuja kuchukua maziwa walikuwa wameshapata mzaha wao. "Mama Naliaka, si ulisema miezi minne? Ama hii ni mimba ya ndovu?" Wakatazama mahindi, wakatazama tumbo, wakacheka mara mbili. Mama naye hakuwaachia. "Chekeni," alisema. "Mtakuja hapa na visahani kuomba unga."

Na kuna jambo nililiona mwaka ule kwa macho yangu ya mtoto, nikalisema, likapuuzwa. Upande wa pili wa seng'enge lilikuwa shamba kubwa la mzee Kariuki, lililopandwa mbegu ya dukani wiki moja kabla ya letu. Mahindi yake yalikuwa marefu kumzidi Baba, ya kijani iliyokolea. Yetu yalikuwa mafupi na membamba. Lakini mwezi wa saba ulipoanza, yetu ndiyo yaliyotoa mbelewele, na upande wa mzee hapakuwa hata na dalili. Nilikimbia zizini.

"Baba, yetu yamewashinda!"

Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye ndoo. "Yameshinda nini, na mwezi wa nane ndio huo unakuja?"

Ukaja. Shule zilifungwa. Mama alichuma hindi moja, akalimenya, akabonyeza punje kwa ukucha. Ilitoa maji meupe yaliyomrukia shavuni. Alijipangusa, akabonyeza nyingine, na nyingine, kama vile katika hindi lote lazima iwepo moja iliyokaza.

Mzee Kariuki hakuwa mtu mbaya, na sitamfanya mbaya ili hadithi yangu inyooke. Alitupa wiki moja, kisha ya pili. Ya tatu ilipokaribia alikuja mwenyewe, akaegemea nguzo ya seng'enge na kuvua kofia. "Mama Naliaka, mimi nimengoja. Mvua haitaningoja. Jumatatu, tafadhali."

Senge alikuja Jumamosi ile kabla ya hiyo Jumatatu. Alilizunguka shamba akiwa amekunja mikono, kisha akanichukua nyuma ya zizi, akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akanipa andazi ambalo lilikuwa bado na joto la mfuko wake. Hakunitisha. Nataka mlijue hilo. Alizungumza na mimi kama na mtu mzima.

"Naliaka, wewe uko na akiri. Haya mahindi yanakataa kwa nini?"

"Sijui, Senge."

"Si ni mbegu ya kwao? Si kwao inakomaa mapema? Udongo ni mzuri, mvua ni nzuri. Kitu imefanyika. Mahindi haiwezi kukataa tu bure."

Hilo ndilo swali lililokuwa likinikosesha raha tangu siku ya tano. Mimi nilikuwa mtoto wa "kwa nini". Mwalimu alinikalisha nyuma ya darasa kwa sababu hiyo. Na hapa mtu mzima ananiuliza "kwa nini" yangu mwenyewe, ananitazama usoni, anangoja. Nikafikiri kwamba anakosa kipande kimoja tu cha habari. Nikimpa, ataniambia jibu.

Nikasema, "Labda ni kwa sababu hatukunyolewa."

Senge aliacha kutafuna. Akaniambia nirudie, nikarudia. Nilieleza kila kitu kwa utaratibu: mawingu, asubuhi, leso, kitambaa. Nilipomaliza nikamwuliza, "Sasa ni hiyo?"

"Ni hiyo," alisema, akanipangusa mdomo kwa kiganja. "Enda ucheze."

Mchana ule ule alimwita Baba jikoni, akakivuta kitambaa cha Mama kikatoka. Nywele zilikuwa nyingi, zimesimama. "Mwanamke amepanda na nywere ya maiti!" alipiga kelele. "Ndugu yangu, huyu amekuletea kifo kwa shamba!" Nilikuwa mlangoni. Mama alipeleka mikono kichwani taratibu, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni nani amekuambia?"

"Wenye kujua wamejua," Senge akajibu.

Mama hakunitazama. Mpaka leo naikumbuka shingo yake ikigeuka kuelekea dirishani, upande wa Lwakhakha.

Jumatatu Baba aliyakata mahindi kwa panga, mstari baada ya mstari, akayachana na kuyabeba hadi kwenye hori. Tuliokoa tuliyoweza tukachemsha. Kwa siku nane tulikula maji matamu yenye maganda. Ng'ombe walishiba kuliko sisi. Wiki ile maziwa yaliongezeka, na mzee Kariuki akampongeza Baba kwa ukamuaji mzuri.

Mtoto alizaliwa siku chache baadaye. Alikuwa msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa. Senge ndiye aliyempa jina, akasema hakuna haja ya kufikiri: Nanjala. Kisha ikaamuliwa kwamba Mama aende kwao akanyolewe na kutakaswa na wazee, halafu arudi. Aliondoka na kichanga mgongoni. Alinyolewa. Hakurudishwa. Baba alikuwa akisema atamfuata mwezi ujao, na mwezi ujao akasema ule mwingine, mpaka akaacha kusema. Kabla ya Krismasi tulipata habari kwamba Nanjala amekufa kwa homa. Sikupelekwa. Mwaka uliofuata, mwanamke mwingine alikuwa akipika jikoni mle, na kwa haki ya Mungu hakunitendea ubaya wowote.

Niliamini kwamba nywele zile ndizo zilizoyazuia mahindi. Hilo ndilo linalonishangaza nikijiangalia leo. Mimi niliyebishana na wahubiri, niliyemwuliza mwalimu wa dini ni nani aliyewatazama Adamu na Hawa ili kuandika habari zao, jambo hilo moja sikulihoji hata siku moja. Nilidhani Mama alikosea, na mimi nilisema kweli. Ilikuwa inauma, lakini ilikuwa imenyooka.

Ikakaa hivyo hadi mwaka wangu wa tatu chuo kikuu, katika darasa la kilimo. Siku hiyo mhadhiri alikuwa akieleza jaribio ambalo wataalamu wa kilimo hufanya mara kwa mara: unachukua mbegu ya aina moja, kutoka hindi moja ukipenda, unaipanda mahali pa joto, mahali pa wastani na mahali pa baridi. Huko kwenye joto inakomaa kwa miezi minne. Kwenye baridi, mbegu hiyo hiyo, ndugu wa tumbo moja, inaweza kuchukua mitano na nusu au sita. Mmea wa mahindi, alisema, hauhesabu siku. Unakusanya joto. Kila mbegu imerithi kiasi cha joto inachohitaji kabla ya kutoa mbelewele na kabla ya kukauka, nyingine kidogo, nyingine kingi. Mahali ndipo panapoamua kiasi hicho kitapatikana kwa siku ngapi.

Kisha akaongeza, kama kitu cha kawaida tu, kwamba mbegu ya mapema hubaki ya mapema hata ukiipeleka mlimani. Itachelewa kuliko ilivyokuwa kwao, lakini itawatangulia wenyeji.

Niliacha kuandika. Niliona mbelewele zetu mwezi wa saba, na upande wa pili wa seng'enge kijani kitupu. Mbegu ya Kukhu ilikuwa imetimiza yake, iliwatangulia majirani. Baridi ya Endebess nayo ilikuwa imetimiza yake. Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari: mwisho wa mwezi wa tisa. Wiki tano hivi baada ya panga la Baba, basi. Shamba zima lilikuwa limesimama mbele yetu likitoa ushahidi, na hakuna aliyeliuliza, hata mimi niliyeliona. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi hadi darasa lililofuata likaingia.

Likizo ilipofika nilienda Lwakhakha. Mama anaishi kwa kaka yake. Tangu arudi huko hajawahi kupanda. Mke wa mjomba ndiye anayetia mbegu, na Mama huingia shambani wakati wa palizi tu, mmea ukiwa umeshasimama. Sikuwahi kumwuliza sababu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilimkuta uani, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Nilimweleza yote, kwa maneno rahisi, nikichora ardhini kwa kijiti: hapa Lwakhakha, hapa Endebess, hapa joto linalokusanywa.

"Kwa hivyo ni baridi tu," alisema.

"Ni baridi, Mama. Na vile mbegu yenyewe ilivyoumbwa."

"Mama yangu hakunifungia shamba."

"Hakukufungia."

Alicheka kicheko kifupi, cha puani, na macho yakamjaa. Nami, mtanisamehe, nilijiona nimefanya kazi kubwa. Nilijiona nimekuja na dawa. Kisha mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Lakini Senge wako alijuaje?"

Nilifuta mchoro wangu kwa kiganja.

"Hakuna mtu wa Endebess alikuwa matanga. Mimi sikusema. Naliaka, mahindi peke yake hayangenifanya niamini. Mimi ni mkulima, nilikuwa naona yanakuja. Pole pole, lakini yanakuja. Ni vile Senge alijua. Nikasema, kama si mama yangu amemwendea usingizini, ni nani?"

Kumbe hilo joto na hesabu zangu zote zilikuwa jibu la swali ambalo Mama hakuwa nalo. Shamba alilisoma mwenyewe, bila chuo. Kilichomnyang'anya mikono yake kwa miaka kumi na mitatu ni sentensi moja niliyoisema nyuma ya zizi, nikitafuta sababu.

"Ni mimi, Mama."

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. "Wewe uliapa."

"Niliapa."

"Alikupiga?"

"Hapana. Aliniuliza kwa nini mahindi yanakataa. Nilitaka kujua."

Aliendelea kuchambua. Jiwe, akatupa. Bovu, akatupa. Kisha akasema, bila hasira, "Afadhali angekuwa mama yangu."

Jioni alinipakulia chakula, akaniongezea mboga bila kuniuliza, na asubuhi alinisindikiza hadi barabarani. Hakulitaja tena, nami sikuwa na ujasiri wa kulitaja.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mke wa mjomba alinipigia simu. Alisema Mama ameingia shambani asubuhi na mbegu mkononi, akapanda mistari sita peke yake, na hataki mtu amsaidie. Nikamwuliza kama ameacha neno lolote kwangu.

"Hapana," alisema. "Hajasema kitu."